Shajara ya mtambo wa maji wa msikiti, Wete: umeme ulioingia kwa mguu mmoja

Jumamosi, baada ya alfajiri

Ami anayeshika funguo za kisima cha msikiti alinigongea mlango giza halijaondoka vyema. "Mwanangu, maji yanamwagika tokea usiku, na pampu haitaki kuzimika." Nikachukua maltimita ya kupimia umeme, bisibisi na tochi, tukatoka. Tangi la lita 5,000 lilikuwa linatapika kwa paipu ya juu, uani kumekuwa dimbwi, na majamvi ya karafuu za watu yaliyokunjwa ukutani kwa ajili ya mvua yameloa upande wa chini. Hilo la majamvi ndilo lililoniuma zaidi. Karafuu ikishika unyevu inaota ukungu, na mtambo huu niliuweka mimi.

Kwa asiyeujua mradi: pampu ya volti 12 inavuta maji kisimani, inalishwa na betri moja na paneli mbili za sola za wati 100. Pemba tunaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tokea mwaka 2010, lakini wazee walitaka maji ya udhu yasitegemee waya wowote wa mbali, nami nikakubaliana nao. Bodi nimeitengeneza mwenyewe kwa chipu ya ATmega328P. Inasoma maboya mawili yenye swichi ndani ya tangi, la chini na la juu, inasoma volti za betri, kisha inawasha au kuzima relei ya pampu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Pembeni yake ipo chipu ya saa, DS3231, ili pampu isivume usiku bila sababu, na kioo kidogo cha mistari miwili cha kuonyesha hali.

Nilifungua kasha nikitaraji kukuta relei imenata, maana sahani za relei ndogo huungana zikichoka. Nikaanza kwa kuzima bodi: nikachomoa waya mwekundu unaoleta volti 5 kutoka kwenye LM2596, kishusha umeme cha bodi. Nilijua taa ya bodi itazima na tutaona kama relei itaachia.

Taa haikuzima. Hata kufifia haikufifia. Nikaitazama vizuri nikaona kwamba inang'aa kuliko siku zote, nyekundu yake imekuwa kali inayoelekea rangi ya chungwa. Waya wa umeme ninao mkononi, ncha yake iko hewani, na bodi inawaka. Kioo kilikuwa na mstari mmoja wa vibweta vyeusi, bila herufi hata moja.

Ami akauliza, "Sasa hiyo inakula wapi?"

Ndiyo suala lenyewe. Nikaweka maltimita kati ya laini ya volti 5 na hasi. Ikasoma 9.8.

Niling'oa fyuzi ya betri. Relei ikalia mara moja, pampu ikanyamaza, taa ikafa. Ami akashukuru. Mimi nikabaki nimechutama mbele ya kasha, nikiwaza ni njia gani umeme umeingilia wakati mlango wake nimeufunga kwa mkono wangu.

Jumamosi, alasiri

Nimeipata njia. Iko juu ya tangi, mita 20 kutoka kwenye bodi, ndani ya kisanduku cha plastiki ambamo nilipitisha waya wa pampu pamoja na nyaya za maboya. Panya wameguguna. Waya wa boya la juu umebaki uchi kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, waya chanya wa pampu vilevile, na shaba mbili zimelaliana. Pale zilipogusana pameota kijani cha chumvi, kwa hiyo hazikugusana jana tu.

Sasa kila kitu kinaeleweka. Pampu ikiwaka, waya wake una volti 12 hadi 14. Zile volti zikarukia waya wa boya, zikateremka mita 20, zikafika kwenye mguu wa 4 wa ATmega. Mguu ule umejengwa kwa volti 5. Datashiti, karatasi ya maelezo ya chipu, inasema wazi kwamba mguu wowote, isipokuwa ule wa kurisiti (kuianzisha chipu upya), usipewe zaidi ya volti za chipu yenyewe ukiongeza nusu volti. Ukiilisha chipu volti 5, mpaka wa mguu ni 5.5. Mimi nimeupa zaidi ya maradufu, tena moja kwa moja, bila rezista hata moja ya kubana mkondo njiani.

Lakini umeme haukuishia mguuni, na ndiyo sababu ninaandika haya kwa urefu. Ndani ya chipu, kila mguu una dayodi mbili za ulinzi, yaani njia za umeme za upande mmoja. Moja inatoka mguuni kwenda kwenye laini ya volti 5, nyingine inatoka kwenye hasi kuja mguuni. Mguu ukipandishwa juu kupita laini, dayodi ya juu inafunguka na kuumwaga umeme wa ziada kwenye laini. Mwaga huo ukiwa mdogo, ni ulinzi. Ukiwa mkubwa, umeifanya dayodi nyembamba kuliko unywele kuwa waya wa kulishia bodi nzima.

Na kishusha umeme hakisaidii hapo. LM2596 inajua kusukuma tu. Ikiona laini imeshafika juu ya volti 5, inaacha kusukuma, basi. Haina mkono wa kuvuta umeme na kuurudisha chini. Kwa hiyo laini ikapanda, na kila kilichofungwa kwenye laini kikapanda nayo.

Kisha ukajifunga mzunguko ambao sijawahi kuuona katika kazi zangu zote. Mguu wa 14, unaoamrisha transista ya relei, ulikufa ukiwa umeungana na laini ya juu. Relei ikabaki imeshika. Relei ikaulisha waya wa pampu, waya wa pampu ukalisha waya wa boya, waya wa boya ukalisha bodi kupitia mguu wa 4, bodi ikaendelea kuishika relei. Mtambo ukajishikilia wenyewe bila programu wala saa. Ndiyo maana kuchomoa waya mwekundu hakukufanya kitu: kwa usiku mzima bodi haikuwa inakula huko.

Jumapili

Leo nimekaa mezani na maiti zangu. Nimezipima moja moja, na matokeo haya hapa kama yalivyo.

Kwanza chipu kubwa. Maltimita niliiweka kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu kwenye hasi, mguu wa 8. Ncha nyeusi nikaipitisha mguu kwa mguu. Huku ni kuipima dayodi ya chini. Mguu mzima unatoa kama volti 0.6. Kisha nikageuza: ncha nyeusi kwenye mguu wa 7 unaopokea volti 5, nyekundu inatembea. Hiyo ni dayodi ya juu, nayo inatakiwa itoe kama 0.6. Mguu wa 5, wa boya la chini, umetoa 0.62 pande zote mbili. Mguu wa 4 umetoa 0.01 upande wa juu. Hapo hakuna tena dayodi, pameyeyuka pakawa waya. Mguu wa 14 umetoa 0.03. Na kati ya mguu wa 7 na wa 8, yaani mlango mkuu wa umeme wa chipu, nimepata 0.12. Ni shoti ya ndani.

Ningependa kila fundi kijana anayesoma hapa akizoee kipimo hiki. Hakihitaji osiloskopu wala programu. Chipu iko nje ya bodi, maltimita ya kawaida, dakika tatu, na unajua mguu gani umeumia na umeumia upande gani. Upande ni habari muhimu: ukiungua wa juu, umeme ulizidi kwa juu, ukiungua wa chini, aghalabu uliteremka chini ya sifuri, kama unavyoweza kufanya mpigo wa koili ya relei isiyo na dayodi.

Saa, DS3231, nayo imekufa. Haikuguswa na waya wa boya hata kidogo, ila inakula kwenye laini ileile, na mwisho wake ni volti 6. Kioo kimekufa, cha aina yake mwisho ni volti 7. Kapasita ya volti 6.3 niliyoiweka karibu na chipu imevimba kichwa na msalaba wake umepasuka. Taa ya bodi imepona, kwa sababu mbele yake ina rezista. Nayo rezista yenyewe haina hata doa.

Na mguu wa 23? Huu ndio niliokuwa nikiuhofia tokea siku ya kwanza, kwa sababu ndio unaosoma betri, ndio ulio karibu na volti kubwa kwa makusudi. Umetoa 0.61 juu, 0.62 chini. Mzima kabisa. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kufunga mtambo. Betri inapita kwenye rezista mbili, kilo-omu 20 juu na kilo-omu 10 chini, mguu unakaa kati na kupata theluthi. Hata tukisema betri imechomolewa na paneli zimebaki zinasukuma volti 22, theluthi yake ni 7.3. Inazidi mpaka, kweli. Lakini umeme unaofika mguuni umebanwa na hizo rezista, ambazo kwa pamoja zinafanya kazi kama kilo-omu 6.7. Toa 5.6 (5 za laini na 0.6 za dayodi) kwenye 7.3, gawa kwa 6.7: robo miliampea. Dayodi ya ulinzi inaimeza robo miliampea bila taabu.

Kwa hiyo mguu uliofungwa karibu na volti nyingi umenusurika, na mguu wa swichi ya boya, ambayo kwa haki yake haina volti yoyote, ndio ulioua bodi. Miaka yote nimekuwa nikiwauliza wenzangu, "Mguu huu unapata volti ngapi?" Sikuwahi kuuliza swali la pili: siku volti zikizidi, mkondo wa kiasi gani utaingia, na ukishaingia utakwenda wapi?

Nimeulizwa pia na mdogo wangu kwa nini chipu iungue kwa volti 13 tu, wakati balbu ya gari inaishi nazo. Nilimwambia hivi. Langoni mwa kila transista ndani ya chipu pana tabaka la kuzuia umeme, na tabaka hilo ni oksidi ya silikoni, jamaa wa kioo, asili yao moja na mchanga wa ufukweni. Unene wake ni nanomita chache tu. Nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Kioo chembamba namna ile hutoboka karibu na volti moja kwa kila nanomita. Kikitoboka hakizibiki. Dayodi za ulinzi zimewekwa kwa ajili ya kioo kile, na zilikusudiwa hasa kwa mpigo mfupi wa umeme wa mwilini, ule wa kugusa kitu ukasikia cheche. Mpigo ule hata ukiwa wa volti 2,000 unakwisha ndani ya kufumba na kufumbua, mara elfu nyingi kabla ya jicho kumaliza. Betri haiishi hivyo. Betri inakuja na inakaa.

Jumatatu, baada ya isha

Ami amepita mara mbili leo. Hakusema kitu kizito, amesema tu, "Maji ya udhu hayangoji, mwanangu." Watu wanateka kwa ndoo. Chipu mpya, saa na kioo nimeviagiza kwa ndugu aliyeko Unguja avitafute sokoni Darajani, vitakuja na boti ya Mkoani. Nimeona nisisubiri. Ndani ya kopo la akiba nina ATmega moja niliyoitoa kwenye kazi ya zamani. Nimeitia, waya wa panya nimeukata na kuulehemu upya, nimetia bomba la plastiki juu yake, programu nimeibadilisha ifanye kazi bila saa.

Mtambo ukawaka. Lakini pampu haikuwaka. Kioo nilichoazima kikasema betri ina volti 11.5, na programu yangu haiwashi pampu chini ya 11.8, kuilinda betri. Nikaipima betri kwa maltimita: 12.7, imeshiba.

Nilipoteza saa mbili kwenye programu. Nilidhani nimekosea hesabu ya theluthi. Mwishowe nikapima palepale kwenye mguu wa 23. Betri ikiwa 12.7, theluthi ni 4.23. Mguuni nikapata 3.83. Nikaichomoa chipu, nikapima tundu lake tupu: 4.23. Nikairudisha: 3.83. Chipu yenyewe inakunywa.

Mguu mzima wa ATmega hauvuti zaidi ya mikroampea 1. Huu unavuta 60: volti 0.4 zinazopotea, ukizigawa kwa kilo-omu 6.7. Na hapo nikakumbuka. Kazi ile ya zamani, mkono uliniteleza nikaugusisha mguu ule na volti 12 kwa muda mfupi sana. Chipu ikaendelea kufanya kazi, nikasema alhamdulillahi, nikaiweka koponi kama nzima.

Haikuwa nzima. Ilikuwa na jeraha, na jeraha lake lilikuwa la aina mbaya kuliko kifo, kwa sababu chipu iliyokufa inakwambia. Hii ilitimiza kila amri, iliwasha taa, iliandika kwenye kioo, na katikati ya ukweli wote huo ikasema uongo mmoja kuhusu betri. Ingekuwa imefungwa kwenye friji ya dawa za hospitali, uongo kama ule ungeweza kumdhuru mtu.

Nimeliandika kopo upya: ndani yake hakuingii tena kitu kilichowahi kuguswa na volti zisizo zake. Ami nimemfungia swichi ya mkono kwa muda, awashe na kuzima pampu mwenyewe mpaka vifaa vifike.

Jumatano

Siku ya kubuni ulinzi. Kwenye bodi mpya kila waya unaotoka nje ya kasha utakuwa na rezista kabla haujaufikia mguu wa chipu. Mtengenezaji mwenyewe, katika maelezo yake ya kusoma umeme wa ukutani kwa chipu hizi, anashauri mkondo wa dayodi za ndani usizidi miliampea 1. Nikachukua balaa kubwa kuliko zote ninazoweza kukutana nazo pale, volti 22 za paneli. Toa 5.6, zinabaki 16.4. Kwa rezista ya kilo-omu 22 inapita miliampea 0.75. Vizuri.

Nikafunga, nikajaribu na boya, nikakuta boya halisomeki. Nimelifunga kwa mkono, bodi inasema liko wazi. Nimekaa nalo mpaka adhana ya adhuhuri.

Kosa lilikuwa hili. Boya linapofunga linaupeleka mguu kwenye hasi, na linapofungua, rezista ya ndani ya chipu inauvuta mguu juu. Rezista ile ya ndani ni kati ya kilo-omu 20 na 50. Nilipoweka 22 yangu njiani, zikawa rezista mbili zinavutana, na mguu ukabaki katikati: nikapima volti 1.9. Chipu inahesabu hapana pale tu mguu ukiwa chini ya volti 1.5. Ulinzi wangu ulikuwa umeziba masikio ya bodi.

Dawa yake ni kuizima rezista ya ndani na kuweka ya nje, kilo-omu 4.7, upande wa waya wa boya, yaani kabla ya ile ya 22. Boya likifunga, mguu unashuka hadi sifuri. Likifungua, unapanda hadi 5. Na volti 13 zikirudi siku moja, kupitia 4.7 zitaingia kwenye laini miliampea 1.7 tu. Bodi yangu inakula karibu 35, kwa hiyo itazila na laini haitapanda. Hata volti 22 zitaleta 3.6. Hili nimelipiga mstari daftarini mara mbili: umeme unaomwagwa kwenye laini lazima uwe mdogo kuliko unaoliwa na bodi, la sivyo laini inapanda na majirani wanakufa.

Nimeongeza vitu vitatu. Kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila mguu, ambayo pamoja na rezista ya 22 inalainisha mipigo mifupi. Dayodi ya BAT85 kutoka mguuni kwenda kwenye laini, kwa sababu inafunguka mapema kuliko ile ya ndani, ikachukua mzigo yenyewe. Na zena ya volti 5.6, wati 1, kati ya laini na hasi: dayodi inayofunguka volti zikifika mpaka wake. Duka moja walitaka kuniuzia SMBJ5.0A mahali pa zena, kwa kuwa jina lake lina 5. Si kitu kibaya, inavumilia mpigo mkubwa, lakini inaanza kushika baada ya volti 6.4, na mpigo ukiwa mkali inaachia hadi 9.2. Kwa chipu ambayo mwisho wake ni 6, hiyo inafika msibani baada ya maziko.

Relei ilikuwa na dayodi yake ya 1N4007 kwenye koili tokea mwanzo. Pampu haikuwa nayo. Pampu nayo ni koili, ukiikatia umeme inarudisha mpigo kinyume. Nimeiwekea 1N5408.

Alkhamisi

Nimeazima pawa saplai ya mezani kwa fundi mkubwa aliyenifunza, ile yenye kitasa cha kubana mkondo. Nilitaka kuijaribu bodi kwa kusudi kabla ya kuipandisha, na chipu ya koponi nimeitoa kafara.

Kwanza bila ulinzi wangu. Chipu nimeilisha volti 5, mkondo nimeubana usizidi miliampea 300. Kwenye mguu wa 4 nimeleta volti 12 kupitia rezista ya omu 100 tu. Hiyo ni kama miliampea 64. Mdogo wangu alikuwa ameweka kidole juu ya chipu, akakiondoa upesi. Saplai ikapanda mpaka 300 na kukaa hapo. Nikautoa waya wa volti 12. Mkondo haukushuka. Sababu imeondoka, chipu inaendelea kuungua kwa umeme wake yenyewe. Nikazima saplai, nikahesabu kumi, nikawasha: miliampea 14, programu inakwenda kama kawaida.

Hii mafundi tunaiona bila kuijua. Katika silikoni ya chipu transista zimepangana kwa namna ambayo, bila mtu kukusudia, zinaunda swichi ya siri kati ya laini ya juu na hasi. Mkondo mkubwa ukisukumwa kwa mguu, swichi ile inajifunga, na ikishajifunga haifunguki mpaka uzime umeme wote. Mteja anakwambia kifaa kilipata moto, akakizima akakiwasha kikapona. Anadhani amekitengeneza. Fundi akikisikia kisa hicho asimwambie "basi kitumie". Autafute mguu ulioingiza mkondo.

Baada ya hapo nimeikata miguu ya chipu ile kwa koleo.

Kisha bodi mpya yenye ulinzi na chipu mpya, maana mzigo wa Darajani umefika jana usiku. Volti 13 moja kwa moja kwenye waya wa boya, kama walivyofanya panya. Mguu wa 4 umesoma 5.27. Laini ya volti 5 ilikuwa 5.02, imebaki 5.02. Nikapandisha hadi 22. Laini 5.02. Nimeiacha robo saa, hakuna kilichopata joto. Nikaitoa, nikapima dayodi za mguu: 0.62 na 0.62.

Fundi mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akasema, "Sasa rudisha volti 13 uchomoe waya mwekundu." Nikarudisha, nikachomoa. Taa ikazima.

Ijumaa

Sikufanya kazi.

Jumamosi

Tumepandisha. Nyaya za maboya sasa zina bomba lao, waya wa pampu una lake, na kisanduku cha juu kimekuwa viwili, mbalimbali. Mashimo ya kuingilia nimeyaziba kwa silikoni.

Nimemwonyesha Ami utaratibu mmoja na kuubandika kwa karatasi ndani ya mlango wa kasha: betri inafungwa kwanza na kutolewa mwisho, paneli zinafungwa mwisho na kutolewa kwanza. Betri ndiyo inayozishika volti za paneli zisipande. Ukiitoa juani na paneli zimebaki, kontrola za sola za bei ndogo zinaweza kuziachia volti 22 zote ziende kwenye mzigo. Ami alikisoma kikaratasi kwa sauti, akaniomba nikiandike upya kwa herufi kubwa, kwa sababu wengine wanaokuja kusafisha vichwa vya betri macho yao si ya ujana. Nimekiandika upya.

Nikamwomba radhi pia kwa yale majamvi. Amesema wenyewe walizianua karafuu kabla ya mvua, majamvi yalikuwa matupu. Sikuwa nalijua hilo wiki nzima.

Jumatatu, baada ya isha

Siku mbili, pampu imewaka mara tano na kuzima mara tano. Betri bodi inasema 12.6, maltimita inasema 12.6. Laini 5.02. Mguu wa 4, boya likiwa wazi, 5.01.

Lililobaki ni radi. Waya wa mita 20 uliotandazwa nje ni mrefu wa kutosha kuokota mpigo wa radi ya karibu, na rezista ya robo wati haikujengwa kwa hilo. Umeme unaweza kuiruka juu kwa juu. Nimepima nafasi ndani ya kasha, pana sentimita nne kando ya viungio. Hapo patakaa bodi ndogo ya pili, ya kupokea mipigo na kuipeleka kwenye fimbo ya ardhini kabla haijafika huku ndani. Fimbo Ami amesema anayo, ipo nyuma ya birika la zamani, kesho tutaichimbua.